Nilimwambia Mama Daktari Kasema Tusubiri

Nilimdanganya mama yangu kuhusu figo yake, na mpaka leo hajui. Naandika hapa kwa sababu nyumbani sina wa kumwambia.

Sisi ni wakulima wa alizeti pembeni ya mji wa Singida. Mimi ndiye pekee niliyefika chuo kikuu. Nimehitimu, kazi bado. Mama alipoanza kulalamikia kiuno, ultrasaundi ilionyesha uvimbe wa maji kwenye figo ya kushoto. Daktari alipotuita, mama akanisukuma mlangoni.

"Ingia wewe, baba. Mimi atanichanganya, halafu nitaitikia tu."

Daktari alisema uvimbe ule si wa maji matupu. Ndani una kuta, na ultrasaundi haizioni vizuri. "Mpeleke Dodoma mapema akapigwe CT scan, ile ya kuchomwa dawa mshipani. Kuta zikinywa dawa, tutajua kuna kitu kibaya. Isipotoa jibu, ndipo tufikirie MRI."

Maelezo mepesi kabisa. Nikatoka.

"Kasemaje?"

"Kasema tusubiri kidogo, Dodoma watatuita."

Nilitaka tu nisome kwanza. Nikasoma kwamba CT scan ina mionzi, na dawa yake inaweza kuwadhuru wenye figo dhaifu. Vipimo vya damu vilisema figo za mama zinafanya kazi vizuri, lakini nikajiuliza, je, kama maabara ilikosea? Nikahamia kwenye MRI, ile ya sumaku. Haina mionzi na inaona hata kuta nyembamba sana. Nikasoma tena kwamba kwa kuona mno, inaweza kufanya uvimbe usio na shida uonekane mbaya, mtu akapasuliwa bure. Kisha nikakuta ultrasaundi ya kuchomwa viputo vidogo vya gesi mshipani ili picha ionekane vizuri, isiyoumiza figo. Nikaitafuta inapopatikana, sikuipata.

"Wale wa Dodoma hawajaita tu?" mama aliuliza tukiwa tunapalilia. Nikasema bado. Aliuliza tena wakati wa kuvuna. Bado.

Kisha akakojoa damu.

CT scan niliyoiogopa ilipita upesi hata mama akatoka akiuliza kama wameshaanza. Kuta zilikuwa nene, zimekunywa dawa, na ndani mlikuwa na nyama iliyoota. Saratani ilishaingia kwenye mshipa mkubwa wa figo. Mapafuni kulikuwa na madoa.

"Mbona mmechelewa hivi?" daktari wetu wa Singida aliuliza tuliporudi na majibu.

Mama akaniwahi. "Si nyie mlisema tusubiri?"

Daktari akanitazama. Akaendelea kuandika. Baadaye nilimfuata nikamuuliza ingekuwaje kama tungewahi. Alisema pengine ingekuwa tofauti, pengine isingekuwa, sasa hakuna wa kujua. Jibu hilo nimelitafuta kila mahali. Halipo.

Figo imeshatolewa. Mama anameza dawa, amekonda, nguo zinamvuka mabegani. Majirani wakija kumwona anawaambia, "Huyu mwanangu asingesoma, mngenizika bila kujua naumwa nini." Wanacheka naye, wananipongeza. Mimi naenda kuwatafutia viti.

Wewe unayeingia kwa daktari kwa niaba ya mzazi, ukitoka mwambie ulichoambiwa, hata kama hujaridhika nacho. Kusoma utasoma mkiwa njiani. Mwili ni wake, mwache aogope mapema. Ukichelewa utajua ninavyojua mimi, jinsi ilivyo vigumu kumkatiza mtu anayekusifu.