Taa Juu ya Usukani

Harufu ya mpira uliopashwa moto na dinamo hunirudisha uani kwetu mtaani Kasha, siku baba aliponunua taa ya baiskeli ya kurudia jioni kutoka kazini, ile inayowaka gurudumu likizunguka tu.

Aliishika karibu na gurudumu. "Ikikuwa huku chini, kila shimo inaonekana na kivuli yake."

"Na siye ku nyumba tutaona nini?" mama akauliza. "Fungia yo juu, tukuone ukipanda kilima. Ao shimo ndiyo bibi yako, si miye?"

Baba alicheka, akaifunga juu ya usukani.

Kesho yake mwanga ulitokea kilimani, ukazimika ghafla. Mama alinishika bega mpaka ulipowaka tena.

Baba aliingia goti likivuja damu; shimo lilikuwa limemwangusha.

"Muliniona?"

"Tulikuona, papa," nikamjibu.

Taa ilibaki palepale juu.