Hesabu ya Nyumba ya Mayunga

Kihispania cha Fausta kilikuwa cha jikoni, na hakujifunza kwa kupenda. Tangu usichana wake aliwapikia masista wa Kihispania pale Ifakara, na kila mchana, kabla hajaepua wali, Sista Remedios alimuuliza, "¿Cuántas personas hay?" Yaani, watu wangapi wapo. Fausta alichungulia ukumbini, akataja idadi, na sahani zikatoka kwa idadi hiyo hiyo. Asiyehesabiwa alishinda njaa. Yeye mwenyewe hakuwahi kuwamo kwenye hesabu hiyo. Alikula ukoko akiwa amesimama, na jambo hilo lilimkaa rohoni mpaka akaota mvi.

Alipoacha kazi alirudi kwao Mofu kulima mpunga. Msimu ule alipomzika mumewe, ng'ombe wa jirani yake Mayunga waliingia shambani wakala mpunga uliokwisha kutoa masuke. Mayunga, Msukuma aliyehamia bondeni na mifugo yake, alikuja kuomba radhi, na mama yake mzee, Kabula, akaleta kibuyu cha maziwa mgando. Fausta alikipokea kwa mikono miwili, akasema yamekwisha, kisha maziwa akawamwagia mbwa. Kwa kusamehe kwa mdomo hakuwa na mpinzani.

Masika ya mwaka huu mto ulifurika ukameza mashamba. Boti ya msaada ikaja, na mwendeshaji wake, Alex, alikuwa kijana wa Kihispania asiyejua hata neno moja la Kiswahili. Fausta akapandishwa awe mkalimani. Alikaa mbele, ametuna, wakipita nyumba kwa nyumba.

Kwa Mayunga walifika jua likishuka. Alikuwa juu ya kichuguu na mkewe na watoto wao wawili, maji yakiwafika magotini. Nyuma yao, katikati ya matete, lilikuwapo dungu, kile kibanda cha miguu mirefu cha kulindia mpunga dhidi ya ndege. Moshi mwembamba ulitoka humo. Kabula alikuwa amepandishwa huko kwa sababu miguu yake haikuweza tena kusimama majini.

"¿Cuántas personas hay?" Alex aliuliza.

"Anauliza mpo wangapi," Fausta alisema.

Kwa kina Mayunga watu wa nyumba hawahesabiwi. Hata ng'ombe hatajwi idadi kwa sauti, sembuse mtoto au mzazi, maana kuhesabu ni kukiita kifo kije kuchagua. Mofu nzima walilijua hilo, na Fausta, jirani wa miaka, alilijua kuliko wote.

"Shikamoo, mama Egidius," Mayunga alimjibu Fausta. "Wewe si unaijua nyumba yangu? Tupo wa kutosha." Akaelekeza midomo kule kwenye dungu.

Fausta aliuona moshi. Aliuona vizuri kabisa. Akayakumbuka na masuke yake.

"Cuatro," akamwambia Alex. Wanne.

Boti ilipogeuka kuelekea nchi kavu, Mayunga alishtuka. "Na mama yangu?"

"Anafuatwa na boti nyingine. Tulia, utatuzamisha."

Boti nyingine haikuwapo. Mayunga alitulia, kwa kuwa aliyemwambia alikuwa jirani. Usiku maji yaliongezeka, na kulipokucha hapakuwa na dungu wala matete.

Mchana, kwenye uwanja wa shule walikohifadhiwa watu, Fausta alikuwa akipakua wali. Foleni ilimfikisha Mayunga mbele yake na watu wake nyuma. Alex akauliza swali lake lile lile. Safari hii Mayunga hakungoja mkalimani. Alimwekea mwanawe mkono kichwani.

"Mmoja," alisema kwa sauti, mtu ambaye hajawahi kuhesabu hata ndama. Mkewe akafunika uso kwa khanga. "Wawili. Watatu. Mimi wa nne." Kisha akamtazama Fausta. "Na mama, wa tano. Mpakulie na yeye, mama Egidius. Sina tena cha kuogopa."

Fausta alipakua sahani tano. Nne zilichukuliwa. Ya tano ilibaki mezani mbele yake, na watu wote waliopita waliikwepa.

Jioni, alipoona hakuna anayemtazama, aliila.