Mkono Uliozoea Gobole

Nilipoajiriwa kulinda ghala la chakula kwenye barabara ya kwenda kambi ya wakimbizi ya Nduta nilikuwa mtu mzima tayari, na niliwaambia waajiri kuwa bunduki naijua. Haukuwa uongo. Huko kwetu Kasulu nilikua nikiwinda kwa gobole la baba. Lakini gobole lina risasi moja. Ukishapiga unalishusha, unangoja moshi upungue, unatazama kama mnyama ameanguka, ndipo unaanza kushindilia baruti upya. Mwili wangu ulikuwa umezoea hivyo.

Kampuni ilitupa shotigani ya kukoki kwa mkono: unavuta kishikio cha mbele hadi mwisho, ganda linaruka, unasukuma, risasi nyingine inaingia. Kila mwaka tulipimwa kwenye uwanja wa shabaha nje ya Kibondo. Madebe matano, risasi tano, sekunde kumi. Aliyeshindwa alipewa rungu akasimame getini. Kwa umri wangu, rungu niliona ni aibu nisiyoiweza.

Mkufunzi wetu alikuwa mama mmoja, askari polisi mstaafu. Nilipiga debe la kwanza, nikashusha bunduki hadi kiunoni, nikachungulia.

"Mzee, unatafuta nini huko?"

"Naangalia kama nimelipata."

"Debe halikimbilii porini, baba. Koki huku kitako kiko begani!"

Wenzangu walicheka. Aliyecheka zaidi ni mwenzangu wa lindo, mkulima wa Murungu ambaye wazazi wake walitoka Burundi. "Mwacheni mwindaji," alisema, "swala wake bado hajakata roho."

Baadaye aliniita pembeni akataka tufanye mazoezi pamoja. Nilikataa. Nilijiuliza, mimi nifundishwe bunduki na mtu wa jembe?

Siku ya kupimwa nilikuwa na haraka. Madebe mawili yalianguka. La tatu nililikosa, na kwa kuhangaika nikavuta kishikio nusu tu nikasukuma. Ganda likakwama. Muda ukaisha.

"Bunduki haijasafishwa," nilisema kwa sauti, nikimwonyesha kidole mwenzangu wa lindo. "Zamu ilikuwa yake."

Zamu ilikuwa yake kweli, na aliisafisha asubuhi ile mbele ya macho yangu, nikinywa chai.

"Si uliniona, mzee?" aliniuliza.

Niliinama kuokota maganda. Msimamizi wa kampuni, aliyekuwa ameshika saa, akaandika. Mimi nikapewa wiki mbili nirudie, yeye akapewa rungu kwa uzembe.

Wiki hizo mbili nilimtii yule mama. Kwanza tulisahau saa. Kila jioni, nyuma ya ghala, nilihakikisha bunduki haina risasi, nikaweka kitako begani na kukiacha hapo hapo. Nilivuta kwa nguvu kama mtu anayetaka kung'oa kishikio, na mkono ukiwa bado unasukuma, macho yalikuwa yameshahamia debe linalofuata. Taratibu, bila kukosea, mpaka mkono ukaacha kuuliza. Haraka ilikuja yenyewe. Getini mwenzangu, rungu mkononi, alinisikia nikikoki.

Nilifaulu. Ningeweza kusema ukweli siku ile ile, maana sikuwa tena na cha kupoteza isipokuwa sura yangu. Sikusema. Baada ya miezi mitatu mwenzangu aliacha kazi, akarudi Murungu.

Nilimfuata huko wakati wa mavuno. Alikuwa akipura maharage uani. Nilimwambia yote, nimesimama.

"Siku ya kurudia uliangusha mangapi?" aliuliza.

"Matano."

"Kwa bunduki ile ile?"

"Ile ile."

"Basi ilikuwa safi."

Akaendelea kupura. Hakuita mtu alete kiti. Kwetu mgeni hasimami uani, hata awe adui, kwa hiyo nilielewa. Jumatatu nilimweleza msimamizi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema nafasi ya yule bwana imeshapata mtu.