Kasa Waliomsubiri Mgeni Rasmi

Ruzuku ya serikali ya kulinda kasa ilipofika kijijini kwetu, karibu na mlango wa Ruvuma, walinichagua mwenyekiti wa kamati kwa kuwa nilisoma hadi sekondari na niliweza kuzungumza na watu wa ofisini. Fedha ile ililipa posho za walinzi wa viota na mafuta ya boti ya doria. Ilipokaribia kwisha, tukaambiwa mgeni rasmi atakuja kuona kazi, kisha ndipo iamuliwe kama tutaongezewa.

Alfajiri ya siku hiyo watoto wa kasa walianza kutoka katika kiota kimoja. Mlinzi wa kiota hicho alikuwa binamu yangu, mtoto wa shangazi yangu aliyeolewa ng'ambo ya mto. Alinikuta nikiwakusanya kwenye beseni la maji.

"Binamu, unawaosha au unawapika?"

"Wanamsubiri mgeni rasmi. Atawaachia yeye, apigwe picha."

"Kwani hawa nao wamealikwa? Waache waende, bwana. Nguvu waliyotoka nayo shimoni ni ya kuvukia mawimbi."

"Siku ukiwa mwenyekiti utaamua wewe."

"Haya, Mheshimiwa," akasema, akaenda kukata makuti ya kuwawekea kivuli.

Walizunguka beseni bila kupumzika, wakigonga kingo. Nami nilifurahi, nikidhani ndiyo afya. Simu ikaja kwamba mgeni bado yuko Mikindani. Jua likapanda, nikabadilisha maji. Baada ya adhuhuri wengi walikuwa wanaelea tu.

"Nichukue nusu nikawaachie," binamu akasema, safari hii bila mzaha. "Nusu wabaki na mgeni wako."

Nikakataa. Niliona beseni litaonekana tupu.

Mgeni alifika alasiri. Kulikuwa na ngoma, risala, hotuba. Kisha akainama, akawamwaga taratibu mchangani. Wachache walijikokota hadi majini. Wimbi likawarudisha.

"Mbona wanarudi?" akauliza.

"Wanaaga pwani, Mheshimiwa," nikasema.

Watu wakacheka na kupiga makofi. Binamu hakucheka. Magari yalipoondoka, mimi naye tulipita kwenye mwani uliotupwa na bahari tukiokota waliokufa.

Ruzuku tuliongezewa. Ile picha ya beseni imetundikwa ofisini kwa kamati, juu ya kiti changu.

Msimu uliofuata nilijua kuna kiota kinachokaribia siku zake, nikawa nangoja taarifa. Haikuja. Asubuhi moja nikashuka mwenyewe ufukweni, nikamkuta binamu ameshika tawi, anafagia mchanga kutoka kwenye kiota hadi majini, mahali zilipopita nyayo ndogo ndogo.

"Wametoka?" nikauliza.

"Nani?" akajibu, akaendelea kufagia.