Viatu Vilivyozoea Kanisa

Fundi viatu wa mtaa wetu hubana misumari midomoni anapofanya kazi, kwa hiyo huongea kama anatafuna kokoto. Kila kiatu hukinusa kwanza, hukiambia "pole, mzee," ndipo hushika nyundo. Mafundi wa namna yake wamekwisha. Siku hizi watu huvaa plastiki na kuitupa. Viatu vyake vya Jumapili, alivyovishona mwenyewe na kuvipigia msalaba wa misumari ya shaba kisiginoni, viliibwa mlangoni pake. Tangu hapo huenda kanisani na mabuti ya mvua yanayolia kama bata.

Juzi nilikuwa kwenye benchi lake nikiilaani dunia, kijana mmoja akaleta viatu. "Vinanibana, babu." Nikauona ule msalaba. Zamani hata mwizi alijua kuchagua saizi! Nikafungua kinywa niite watu, na watu wetu hupiga mpaka kuua. Fundi akanijaza misumari yake yote kinywani. "Nishikie, jirani." Kisha akavipanua taratibu, akavipaka rangi. "Mguu wa kushoto usiuburute. Kisigino hicho hata mimi kilinisumbua."

"Babu, mimi..."

"Chukua, mwanangu. Mimi nimesamehewa makubwa kuliko viatu. Ila Jumapili uvilete kanisani, vimezoea."

Jumapili viliingia, kijana akiwa ndani yake, macho chini, akitafuta pa kukaa. Nafasi ilikuwa pembeni yangu tu. Nikasogea, lakini kidogo.