Chupa Kavu ya Mzee Matonya

Lydia wa Bahi alikuwa mkali, na wanaosema alizaliwa hivyo ni waongo. Alikuwa mpole hadi mwaka ule wa ukame, enzi za Mwingereza, baba mkwe wake Matonya alipopelekwa hospitali mjini Dodoma kupasuliwa tumbo.

Utumbo ulikuwa umejisokota. Nyumbani walimnywesha dawa ya mizizi, akashinda anatapika, na maji yenyewe ya kutafuta. Hospitalini akaambiwa asitie kitu mdomoni mpaka apasuliwe, kumbe daktari yuko safarini hadi kesho yake. Mzee wa umri ule, amekauka namna hiyo, halafu akamwaga damu nyingi mezani! Baadaye wakampa vidonge vya salfa, dawa inayotaka mgonjwa anywe maji mengi asije akaharibika figo. Nani alimwambia? Hakuna.

Wanawe walikuwa wamepeleka ng'ombe mbali, wakitafuta malisho, kwa hiyo aliyebaki kumuuguza ni Lydia, mke wa mwanawe. Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Katika ukoo wao mke wa mwana hagusi shuka la baba mkwe, wala hataji haja yake. Matonya naye aliona aibu kuomba chupa ya mkojo mbele yake, basi akaona dawa ni kutokunywa. Kila Lydia alipompa kikombe, alilowesha midomo tu akakirudisha.

Dresa Petro, msaidizi wa daktari, alipita asubuhi na jioni. Alisimama kando ya kitanda akamuuliza Lydia, si mgonjwa:

"Mzee amekojoa?"

Lydia akatazama sakafu. "Ndiyo."

Ningekuwapo ningemzaba kofi huyo Petro. Chupa ilikuwa uvunguni, karibu na kiatu chake, na hakuinama.

Siku iliyofuata uso wa Matonya ulivimba, akaanza kumwita Lydia kwa jina la marehemu mkewe. Lydia akapiga magoti, akaivuta ile chupa. Ndani mlikuwa na vumbi. Akatoka nayo barazani akiwa ameishika juu, wagonjwa wote wakigeuka.

"Hajakojoa! Tangu mmpasue, hata tone! Mimi nilidanganya kwa aibu. Ninyi je, mlishindwa kuinama?"

Daktari alikuja mbio. Akaminya chini ya kitovu, kibofu kitupu. Akasimamisha salfa, akamtundikia chupa ya maji ya chumvi mshipani, huku akimfokea Petro, utadhani si yeye aliyeacha watu wamkaushe mzee siku nzima. Kesho yake jioni mkojo ulitoka, kidogo, mweusi kama chai ya rangi. Aliyeshika chupa ni Lydia.

Waliporudi Bahi, wazee wa ukoo walikuwa wanamsubiri. Walitaka Lydia atoe kondoo wa kuondoa mkosi, kwa kuwa amemvunjia heshima baba mkwe mbele za watu. Hakuna aliyeuliza mgonjwa amepona vipi. Lydia alifungua mdomo awajibu, lakini Matonya akamtangulia.

"Chinjeni kondoo wangu. Aliyenyamaza ni mimi."

Kisha akamgeukia, mbele yao wote. "Mwanangu, nipe maji."

Lydia akampa, akasimama palepale mpaka akayamaliza. Nyama ya kondoo yule hakuigusa.