Mahari Hapa, Wote Mnakaribishwa

Enzi zetu, nyie wenzangu mliokwenda shule peku na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, mfukoni, tangazo lilikuwa kazi ya miguu na koo. Juzi nilikuwa kwenye kikao cha kamati ya kutangaza kanisa letu jipya la mlimani, hapa hapa Ilemela. Mimi nimewekwa humo kama mshauri, yaani mtu mzima wa kufungua kikao kwa sala na kukifunga kwa chai. Vijana walikuwa wanabishana kuhusu ile ndege isiyo na rubani, ipige picha mawe yetu kutoka juu. Mfuko wa kamati ni mdogo na ndoto zao ni kubwa. Katibu wetu, binti mmoja mchangamfu anayeitwa Neema, akasema bila tangazo la kulipia mtandaoni hatakuja mtu. Nikacheka peke yangu mpaka wakadhani nimepaliwa. Mimi nimewahi kujaza kanisa kwa nusu kopo la rangi na herufi moja.

Nilikuwa darasa la nne. Ilemela yetu ilikuwa bado kijiji: nyumba chache zimejificha katikati ya mawe, ng'ombe wakishuka ziwani kunywa maji, na harufu ya dagaa walioanikwa juu ya miamba ikituamsha kabla ya jogoo. Tulicheza rede mpaka mpira wa soksi ufumuke, tukacheza mdako mpaka kucha zikaisha. Mapera hatukununua. Mtoto aliyenunua pera alionekana mgonjwa.

Baba yangu alikuwa mwinjilisti. Tulitoka Bukoba, Wahaya halisi, tukaletwa pale na usharika wa mjini kuanzisha kanisa katikati ya Wasukuma ambao hawakuwa wametuomba. Kanisa lenyewe lilikuwa mabati juu ya nguzo, kuta za matete na mawe ya kukalia. Kwa mwezi mzima wa kwanza waumini walikuwa baba, mama, mimi, wadogo zangu wawili, na bibi mmoja aliyekuja kwa sababu ya kivuli. Ndipo barua ikafika kutoka mjini: mchungaji angekuja Jumapili ya mwisho wa mwezi kuangalia. Asipokuta watu, mabati yangeng'olewa yapelekwe kijiji kingine, na sisi tungefunga virago. Baba aliisoma barua ile mara mbili, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia. Siku ile hakula.

Fedha ya kutangaza haikuwepo. Baba akakata debe, akalikunja likawa tarumbeta ya kupazia sauti, akazunguka nalo kijijini alfajiri akiita watu. Basi, kila nyumba aliyoikaribia ilikuwa tupu. Watu walidhani ni mgambo wa michango amekuja, wakapitia mlango wa nyuma na kupotelea kwenye mihogo. Mama naye alijaribu kwa njia yake. Alikaanga senene tulioletewa kutoka kwetu, akawagawia wanawake kisimani huku akitaja kanisa. Wanawake wa Kisukuma wakatazama wale panzi, wakatazamana, wakamshukuru kwa adabu zote, na kuanzia siku ile wakawa wanachota maji mapema zaidi.

Ikabaki wiki moja. Ndipo mvuvi mmoja, Masalu, kijana mrefu mwenye cheko, akampa baba nusu kopo la rangi ya bluu iliyobaki baada ya kupaka mtumbwi wake. Baba akaangaza macho. Njia panda ya kwenda ziwani palikuwa na jiwe kubwa kuliko nyumba, bapa upande mmoja kama ubao wa darasani. Kila mtu alipita pale, na kila ng'ombe.

"Koku," baba akaniambia, "wewe ndiye mwenye mwandiko. Panda."

Nilipanda kwenye ngazi ya miti nikiwa na brashi ya mkonge, moyo unanidunda kwa raha. Kumbukeni, mimi nilikuwa bingwa wa imla. Mwalimu alikuwa akituambia kila siku, "Andika unachosikia, si unachofikiri." Na baba alisimama chini, mikono nyuma, akanisomea taratibu kama mwalimu mwenyewe.

"Mahari hapa," akasema.

Nikaandika.

"Wote mnakaribishwa. Kanisani, Jumapiri, saa tatu."

Neno Jumapili nililijua kwa macho, lilikuwa kwenye kalenda ukutani. Neno mahali nililijua kwa sikio tu, na sikio langu lilikuwa la nyumbani kwetu, ambako kila kitu kilikuwa na R. Nikashuka, tukarudi nyuma hatua ishirini, tukasoma kwa pamoja. Baba akanishika bega. Herufi zilikuwa kubwa, za bluu, zimenyooka:

MAHARI HAPA
WOTE MNAKARIBISHWA
KANISANI JUMAPILI SAA TATU

Wiki ile ilikuwa tamu. Watu walisimama kwenye jiwe makundi kwa makundi. Asiyejua kusoma alisomewa, naye akaenda mbio kumsimulia mwingine. Kina mama walianza kutusalimia. Vijana waliniuliza kama saa tatu ni kweli saa tatu. Baba alikuwa akijificha nyuma ya kichaka kuwatazama, mtu mzima na koti lake, kisha anarudi nyumbani akimwambia mama, "Unaona? Watu wanasoma."

Ijumaa mwalimu akaniita ofisini. Nilijua napongezwa. Akaniuliza, "Koku, ile kazi ya pale njia panda ni yako? Tangu lini kanisa linatoa ng'ombe wa kuolea?" Akaandika maneno mawili kwenye karatasi, moja chini ya jingine, akaweka kidole kwenye herufi.

Nilikwenda kwenye jiwe na mchanga na majivu, nikasugua mpaka vidole vikatoka damu. Rangi ile ilitengenezwa kushindana na ziwa. Haikufifia hata kidogo. Ningemwambia baba, lakini kila nilipofungua mdomo nilimkuta anapanga mawe mengine ya kukalia, anahesabu huku akipiga mluzi. Sikuweza.

Jumapili walikuja. Wenzangu, walikuja. Walijaa ndani, wakajaa nje, wengine wakakaa juu ya mawe mpaka kule kwenye mihogo. Masalu alikuwa mbele kabisa ndani ya koti lililomzidi mabega. Mzee Luhende, mwenye mabinti watano na ng'ombe wasiohesabika, alikuja na fimbo yake na mabinti wote. Wenye mabinti walikuja kupokea na wenye wana walikuja kuomba. Mchungaji wa mjini akashuka kwenye pikipiki, akavua kofia, akabaki ameishika. Baba aling'aa. Mimi nilitaka ardhi inimeze.

Wakaimba wasichokijua, wakasimama walipoona wengine wamesimama. Ulipofika wakati wa matangazo, Mzee Luhende akainuka. Msukuma wa enzi zile hakuwa na R ulimini, na hapo ndipo mambo yalipoharibika vizuri.

"Mwinjilisti, tumekaa, tumeimba. Tunaomba habali ya ile mahali."

"Mahari ndiyo hii, mzee wangu," baba akajibu kwa furaha. "Uko ndani yake."

"Imetolewa na nani?"

"Na serikari ya kijiji."

Watu wakaguna. "Bule?" Mzee Luhende akauliza.

"Bure kabisa."

"Na inatosha watu wangapi?"

"Mia mbiri, wakibanana."

Masalu akapiga makofi. Mzee Luhende akawageukia mabinti zake, akawaonyesha kwa fimbo. "Hata mimi mwenye hawa watano?"

"Kuja nao wote kira Jumapiri," baba akasema, machozi yakimlenga.

Mchungaji alikuwa ameshaelewa. Alijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo na mabega yalikuwa yanamtetemeka. Nami nikaona baba yangu mbele ya watu wote, mwenye furaha kuliko siku zote nilizomjua, na nikajua dakika moja baadaye watamwita tapeli. Nikasimama.

"Nimekosea mimi. Pale ni L. Ni mahali, pahali, hapa tulipo. Hakuna ng'ombe."

Mzee Luhende akanigeukia. "Hakuna hata mmoja?"

"Hakuna, babu. Shikamoo."

Sijui kwa nini nilimwamkia wakati ule. Mtu mmoja nje akaanza kucheka, kisha wawili. Mzee Luhende akachukua fimbo yake, akafika mlangoni, akasimama. Baba hakusogea. Mama alikuwa ameuma upindo wa kanga. Yule mzee akatazama njia ndefu ya kurudi kwake, akatazama watu waliokuwa wanamtazama.

"Nimetoka nyumbani asubuhi na mabinti watano," akasema. "Siwezi kuludi niseme nilifuata ng'ombe nikakuta helufi. Nitasema nilikwenda kusali." Akarudi, akakaa. "Mwinjilisti, endelea."

Hakuna aliyeondoka. Kila mmoja alifanya hesabu ile ile: atakayetoka ndiye atakayechekwa kisimani. Na Jumapili iliyofuata ikabidi warudi ili wathibitishe kwamba hawakuwa wamefuata mahari. Jumapili ya tatu walikuwa wameshazoea. Mabati hayakung'olewa. Mwaka uliofuata Masalu alimwoa binti wa pili wa Mzee Luhende ndani ya kanisa lile lile, na mzee akapunguza ng'ombe, maana alisema yeye na mkwewe waliaibishwa na jiwe moja, basi wameshakuwa ndugu.

Siku ile tulipobaki wenyewe, baba aliniita. Nilidhani nachapwa. Akaniuliza kwa upole, "Koku, sasa tofauti iko wapi?"

"Ni mahali, baba."

"Ndivyo nirivyosema. Mahari."

Nikarudia mara nne. Naye akarudia mara nne, kwa uangalifu, akinitazama mdomoni. Hakuisikia hadi siku anafariki.

Mimi nikawa mwalimu wa Kiswahili. Nimesahihisha R na L za watoto wa Mwanza kwa kalamu nyekundu mpaka nimestaafu. Jiwe bado lipo, ingawa mtu amejenga fremu ya duka imeliegemea na maneno yaliyobaki ni mawili tu ya juu. Kituo cha daladala cha pale kinaitwa Mahari. Kondakta anaita, "Mahari, Mahari, nani anashuka," na vijana wa siku hizi wanasimuliana kwamba hapo zamani Wasukuma walikuwa wanalipiana mahari pale. Wanayo simu inayojua kila kitu, na hawajawahi kumuuliza mtu anayekaa hatua mia kutoka jiweni. Siwalaumu. Sisi tulikuwa na muda wa kumsikiliza mtu mpaka amalize, na hatukujua kuwa muda ule ulikuwa utajiri.

Jana Neema alinitumia bango lao kwenye simu ili nilihakiki kabla halijachapwa. Zuri, lina rangi saba, na juu limeandikwa "Mahali hapa, wote mnakaribishwa." Maneno hayo nilikuwa nimewapa kikaoni, bila kuwasimulia kisa chake. Kila herufi ilikuwa sahihi. Nililitazama mpaka miwani ikaingia ukungu, kwa sababu sikumsikia baba mle ndani. Ningetoa kila L niliyowahi kusahihisha maishani nimsikie chini ya ngazi mara moja tena.

Nikabadilisha herufi moja, nikamrudishia. Neema hakukawia kupiga. "Shikamoo mwalimu. Samahani, hapa kwenye neno la kwanza si ilikuwa L?"

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia. "Andika unachosikia. Mahari hapa."